Isome Laina Kabla ya Kuiosha

Injini ikishafunguliwa, kazi ya kwanza anayopewa kijana wa gereji ni kuosha. Ndoo ya dizeli, brashi, matambara; baada ya nusu saa pistoni zimetakata, laina zinameremeta, na mwenye gari akipita anaona kazi inakwenda. Lakini ushahidi wote umeishia ndani ya ndoo ile. Masizi yaliyoganda juu ya pistoni, doa la kahawia la upande mmoja wa laina, unga wa kijivu uliojibana nyuma ya ringi ya kwanza, vyote vimekwenda na dizeli. Kilichobaki ni chuma kilicholika, na unachoweza kuamua ni kama kinafaa kurudishwa au hakifai. Kilichokila hukijui tena.

Ndiyo maana laina mpya nyingi hazimalizi umri wake. Mwenye lori ananunua seti nzima, laina na pistoni na ringi, anafungiwa vizuri na fundi anayejua kazi, na baada ya msimu mmoja injini inarudi ikitoa moshi wa bluu. Lawama zinaangukia spea, kwamba ni feki. Wakati mwingine ni feki kweli. Mara nyingi zaidi, bomba la hewa lililopasuka tangu mwaka juzi bado limepasuka, na maji ya kisima bado yamo kwenye rejeta. Anayekagua laina anamtafuta mkosaji, na kupima kipenyo ni sehemu tu ya msako huo.

Nitazungumzia zaidi injini za dizeli zenye laina ya maji, yaani ile inayoguswa moja kwa moja na maji ya kupoozea kwa nje. Ndogo zinazojulikana kila kijiji ni zile za silinda moja kutoka China, S195 yenye kipenyo cha milimita 95 na ZS1115 yenye milimita 115, zinazosaga mahindi, kukoboa mpunga, kuvuta pawatila na kusukuma boti. Kubwa ni kama Cummins NT855 ya malori na majenereta, silinda sita, kila moja milimita 139.7. Trekta la Massey Ferguson 135 lenye injini ya Perkins ya silinda tatu lina laina kavu, iliyoshindiliwa ndani ya bloku bila kugusana na maji. Land Cruiser ya 1HZ haina laina kabisa. Pistoni inapanda na kushuka ndani ya bloku yenyewe. Kwa hizi mbili za mwisho, yote yahusuyo uso wa ndani yanafaa, na ya uso wa nje unaweza kuyaruka.

Kabla ya kuchomoa

Anza injini ikiwa bado nzima. Iache ingurume mpaka ipate joto, kisha fungua mfuniko wa kujazia oili. Injini inayopumua, yaani inayotoa moshi kwa mapigo kwenye mdomo ule, inapitisha gesi za moto pembeni mwa ringi. Hilo halikuambii bado kama mbaya ni laina au ni ringi zilizokwama kwenye mifereji yake, ila linakupa sababu ya kufungua. Tazama na oili. Ikiwa na rangi ya maziwa, ina maji. Ikiwa nyepesi na inanuka dizeli, iko nozeli inayokojoa badala ya kunyunyiza. Itafute ni ya silinda ipi na uandike, maana utakutana nayo tena huko mbele.

Siku hizi kuna kamera ndogo ya waya inayochomekwa kwenye simu. Ukitoa nozeli na kuishusha pistoni hadi chini, unaichungulia silinda kabla hujalegeza hata bolti moja ya hedi. Kwenye injini ambazo nozeli inapulizia chumba kidogo cha pembeni, kama S195 na 1HZ, kamera haifiki. Mimi naiona inafaa zaidi kumwonyesha mwenye gari hali ilivyo kuliko kuamulia kazi, kwa sababu mwanga wake wa karibu hufanya mkwaruzo wa kawaida uonekane mtaro.

Hedi ikitoka, mikono mfukoni kwanza. Zungusha krenki ili kila pistoni ishuke kwa zamu yake, na upige picha kila ukuta. Kisha chukua rangi ya kuandikia chuma, andika namba ya kila laina kwenye ukingo wake wa juu pamoja na mshale unaoelekea mbele ya injini. Usitie alama kwa tindo wala kwa msumari na nyundo. Ukingo huo ndio unaokandamiza gasketi, na pigo moja laweza kuanzisha ufa. Laina ikishalazwa mezani bila mshale, hutajua doa lilikuwa kushoto au kulia, na upande lilipokuwa ndio nusu ya jibu.

Inapolika zaidi

Laina hailiki sawasawa kutoka juu hadi chini. Pale ringi ya kwanza inapofika juu kabisa na kugeuka, pistoni husimama kwa kitambo kidogo sana. Utando wa oili unaoibeba ringi hutegemea mwendo; mwendo ukikoma utando unakatika na chuma kinagusa chuma, tena wakati uleule ambao mgandamizo na joto ni vikali kuliko wakati mwingine wowote. Kwa hiyo sehemu iliyolika zaidi iko chini kidogo tu ya ukingo wa juu. Katikati, pistoni inakokwenda kasi, laina hulika kidogo.

Juu ya mahali ringi inapoishia pana mkanda mwembamba usioguswa. Miaka ikipita, mkanda huo hutokeza ukawa ngazi. Kwangua masizi kwa mti au plastiki ngumu, halafu pitisha kucha kutoka chini kwenda juu. Ikigota, ngazi ipo. Ukifunga ringi mpya bila kuiondoa ngazi hiyo, ringi ya kwanza, ambayo kona zake bado ni kali, itaigonga na kuvunjika. Wakati huohuo ngazi inakusaidia, kwa kuwa juu yake kipenyo ni karibu kilekile cha kiwandani. Fundi asiye na kitabu cha injini ana kipimo cha kulinganishia hapohapo.

Kwa pande nako kuna upendeleo. Konrodi inaposhuka kwa nguvu ya mwako husimama mshazari, ikaibana pistoni kwenye ukuta ulio kinyume na inakoelekea. Ukuta huo, na ule unaotazamana nao, hulika kuliko kuta zilizo kwenye mstari wa urefu wa krenki. Duara linageuka umbo la yai. Ukuta huo wa msukumo ukumbuke, maana upande wa nje wa laina una kesi yake palepale.

Uso wa ndani

Taa ya darini haikusaidii. Chukua tochi, ielekeze kwa mshazari, au weka karatasi nyeupe upande mmoja wa laina uangalie ukuta unaoielekea. Laina yenye afya ina mistari myembamba inayopishana kwa mshazari, iliyoachwa na mawe ya honi kiwandani, na mistari hiyo ndiyo inayoshika oili. Laina iliyofanya kazi maelfu ya saa na bado mistari yake inaonekana sehemu kubwa isikutishe, hata ikiwa rangi yake haipendezi.

Mistari ikiwa imetoweka na uso unang'aa, kuna mambo mawili ambayo mafundi wengi huyachanganya. Huenda uso umesuguliwa. Masizi magumu yaliyojijenga kwenye kichwa cha pistoni, juu ya ringi ya kwanza, hukwangua ukuta kila yanapopita mpaka mistari inafutika. Mng'ao huo huwa mabaka sehemu ya juu, na ukiupangusa kwa kitambaa chenye thina haubadiliki. Injini ya namna hii hula oili bila huruma. Rudi kwenye pistoni, ambayo kwa bahati hukuiosha, utazame masizi yamekaa upande gani. Kisha uulize kuhusu nozeli zilizochoka, tabo isiyoleta hewa ya kutosha, na oili ya bei rahisi iliyomwagwa miezi michache iliyopita.

Au huenda uso umefunikwa tu. Oili iliyoungua nusunusu hujaza mistari na kukauka humo, rangi yake kuanzia ya asali hadi ya kahawia. Huo ni ugonjwa wa injini isiyopewa kazi, kama jenereta kubwa linalowasha taa chache na friji moja, au lori linaloachwa linanguruma usiku kucha kwenye foleni ya mpakani. Thina ikipita, utando unalainika na mistari inaanza kuonekana chini yake. Chuma ni kizima. Honi nyepesi inatosha, na dawa yenyewe ni kuipa injini mzigo unaolingana na ukubwa wake. Anayeuza seti mpya kwa tatizo hili anamwibia mteja.

Sasa mikwaruzo ya wima, inayofuata mwendo wa pistoni. Pitisha kucha kwa kuikata. Kucha isipokwama, ni mikwaruzo ya kawaida ya kazi. Ikikwama, hapo gesi inapita kushuka na oili inapita kupanda. Baada ya hapo angalia mkwaruzo ulikoanzia, unakoishia na upande uliopo, maana hapo ndipo mkosaji anapojitaja.

Mfereji mmoja wenye kina, ulio kwenye mstari wa pini ya pistoni, maana yake kishikizo cha pini kimechomoka na pini imesogea hadi ukutani. Mifereji mingi iliyokaribiana, na pistoni yenye pengo kwenye mfereji wa ringi, ni ringi iliyovunjika. Tafuta vipande vyote kabla hujafikiria kufunga, na usisahau kuchungulia ndani ya bomba la ekzosi na tabo, kwa sababu vipande hupenda kusafiri.

Mabaka yaliyopauka, ambapo alumini ya pistoni imejipaka kwenye ukuta, ni dalili kwamba pistoni ilishika. Yakiwa katika pembe nne, mshazari na pini, pistoni ilipata joto kupita kiasi na kuvimba; kamata mfumo wa maji. Yakiwa upande wa msukumo tu, oili haikufika au haikutosha, na mara nyingi aliyeiwasha injini ya baridi ameikaba mzigo papo hapo. Na yakiwa ni ukanda mwembamba unaoanzia juu na kufifia chini, ulinganishe na mdomo wa nozeli uliyoiandika. Dizeli ghafi iliyopigwa ukutani huosha oili, ringi ikapita pakavu.

Vumbi ndiye muuaji mkubwa kwetu, na anafanya kazi yake kimya. Hutaona mfereji wowote wa kutisha. Utaona uso wa kijivu usiong'aa, mistari ya honi imekwisha sehemu ya juu, ngazi kubwa, na ringi zimekuwa nyembamba. Linganisha ringi kwa ringi. Kama ringi ya kwanza ndiyo iliyokwisha na ringi ya oili bado nzima, vumbi limeingia na hewa. Kama ringi ya oili imelika kuliko wenzake na beringi za krenki zina mikwaruzo, uchafu umekuja na oili, aidha kwenye madumu machafu au kwenye filta isiyobadilishwa. Tofauti hiyo peke yake inastahili kuzuia ndoo ya dizeli.

Ukishatuhumu hewa, toa bomba linalotoka kwenye filta kwenda kwenye injini, upanguse ndani yake kwa kitambaa cheupe kilichopakwa grisi kidogo. Bomba lililo baada ya filta linapaswa kuwa safi. Ukikuta vumbi, filta inapitisha au bomba lina ufa. Filta ya karatasi itie tochi ndani ukiwa gizani. Ukiona hata nukta moja ya mwanga, itupe. Nyingi huwa zimetobolewa na kompresa, kwa kuwa mtu amepuliza filta ileile kila wiki akidhani anaokoa fedha.

Mashine za mpunga zina balaa lao. Ganda la mpunga limejaa silika, jamaa wa mchanga, na kwenye banda la kukobolea unga wake huelea siku nzima. Injini iliyowekwa chumba kimoja na kinu inavuta msasa. Nyingi zina filta ya bakuli la oili, ambayo hufanya kazi vizuri ikiwa bakuli lina oili safi hadi kwenye alama. Nyingine utazikuta zimejaa tope zito, hewa inapita juu yake bila kuoshwa. Kabla ya kununua laina ya pili, peleka mdomo wa hewa nje ya banda kwa bomba pana, upande upepo unakotoka.

Vishimo vidogo vyeusi sehemu ya juu ya uso wa ndani ni tindikali. Salfa iliyomo kwenye dizeli ikiungua na kukutana na mvuke uliotanda kwenye ukuta wa baridi huila chuma. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilihamia kiwango cha dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni mwaka 2015, na hilo limesaidia, lakini injini inayofanya kazi baridi bado inajidhuru. Chanzo kikubwa ni themostati iliyotolewa. Imezoeleka barabarani kwamba gari likichemka, toa themostati. Injini haitachemka tena, na haitapata joto lake pia. Rudisha themostati, kisha tafuta kwa nini ilichemka.

Kutu iliyozunguka kwa mkanda mwembamba wa kimo kimoja ni jambo dogo zaidi. Injini imekaa bila kuwashwa na ringi zilisimama pale. Kama kucha haikwami, honi nyepesi inatosha.

Kupima

Hapa ndipo mahali pa kuosha. Dizeli au mafuta ya taa yalainishe uchafu, kisha maji ya moto, sabuni na brashi ngumu. Dizeli peke yake haing'oi chembe zilizojificha ndani ya mistari. Pangusa kwa kitambaa cheupe chenye oili safi, na kikitoka cha kijivu rudia. Paka oili mara moja, kwa kuwa chuma cha kutupwa hushika kutu ukiwa unakitazama.

Acha laina na vifaa vikae pamoja kivulini mpaka vilingane joto. Kipenyo cha milimita 100 kikizidi joto kwa nyuzi 30 huongezeka karibu milimita 0.03, na kiasi hicho kinatosha kukufanya uitupe laina nzima au uirudishe iliyokwisha. Bloku lililoanikwa juani Dodoma saa saba mchana halipimwi.

Mwenye geji ya silinda aiweke sawa kwa maikromita, kisha apime kimo cha juu, mahali ringi ya kwanza inapogeukia, kimo cha katikati na kimo cha chini. Kila kimo mara mbili, sambamba na krenki na kwa kuikata. Yumbisha geji polepole, na somo dogo kabisa ndilo kipenyo halisi. Tofauti ya juu na chini inakuonyesha jinsi laina ilivyopanuka kuelekea juu, na tofauti ya pande mbili za kimo kimoja inakuonyesha yai. Mpaka unaoruhusiwa uko kwenye kitabu cha injini na huo ndio sheria. Lakini jua ukubwa wa mambo. Karatasi ya daftari ina unene wa karibu milimita 0.1, na kwa injini nyingi laina iliyolika kiasi hicho iko mpakani au imeshauvuka.

Asiye na geji ana njia ya ringi, na usiidharau. Chukua ringi mpya, itie ndani ya laina, isukume kwa kichwa cha pistoni iliyopinduliwa ili ilale sawa. Ishushe hadi chini, mahali pasipolika, upime mwanya wa ncha zake kwa filageji. Tuseme ni milimita 0.40. Ipandishe hadi juu, pale palipolika zaidi, upime tena. Tuseme umepata 0.87. Mwanya umeongezeka 0.47. Gawanya kwa 3.14, upate 0.15, na hicho ndicho kipenyo kilivyoongezeka. Njia hii haionyeshi yai moja kwa moja, lakini ringi ikiwa mle ndani, weka tochi chini yake na utazame kwa juu. Mwanga ukipenya kati ya ringi na ukuta pande mbili zinazotazamana, duara limeshapotea.

Msasa uweke mbali. Wapo wanaosugua laina kwa msasa wa mkono kwa duara mpaka ipendeze. Mistari inayopatikana inalala badala ya kupishana kwa mshazari, na chembe za msasa hubaki ndani zikisubiri ringi mpya. Laina zilizopakwa kromu, kama zile za baadhi ya injini za Isuzu 4JB1, hazihoniwi kabisa; jiwe linavua kromu, na kilichobaki hakifai kitu. Hizo zinapimwa, zikizidi zinabadilishwa.

Upande wa nje

Fundi akimaliza ndani huona kazi imekwisha, na hapa ndipo injini nyingi za malori huponyoka. Pistoni inapogonga ukuta wa msukumo, laina hutetemeka haraka mno. Maji yaliyogusana nayo huachana nayo kwa nukta ya wakati, viputo vya mvuke vinazaliwa na kupasuka palepale kwenye chuma, na kila kupasuka kunamega chembe. Baada ya muda unakuta vishimo vimejipanga wima upande wa msukumo, pengine karibu na mifereji ya raba za chini pia. Kwa juu vinaonekana vidogo, ndani vinazidi kupanuka. Visafishe kwa brashi ya waya, kisha chomeka sindano uone vilivyozama.

Kishimo kikitoboka upande wa pili, maji huanza kuingia silinda, hasa usiku injini ikiwa imezimwa na maji bado yana presha. Asubuhi dereva anapiga stata, pistoni inakutana na maji yasiyobanika, na konrodi inapinda. Laina iliyokuwa na tundu la ukubwa wa ncha ya pini imegharimu injini.

Sababu zake zinajulikana, nazo ni maji matupu kwenye rejeta, mfuniko wa rejeta usioshika presha, na pistoni zilizolegea zinazogonga sana. Presha hupunguza viputo, kwa hiyo mfuniko uliochoka ubadilishwe hata kama hauvuji. Kulanti ya injini nzito ina kemikali zinazoweka utando mwembamba kwenye laina. Kemikali hizo hupungua kadiri injini inavyofanya kazi, ndiyo maana NT855 hupewa filta ya maji yenye dawa ya kuziongezea. Wengi huitoa filta hiyo na kuziba, wakidhani ni pambo.

Vishimo vikiwa vya juujuu, baadhi ya watengenezaji wanaruhusu laina izungushwe robo duara ili ukuta mzima ndio upokee msukumo. Vikiwa vimezama, itupe. Kuvijaza kwa gundi ya chuma ni kumdanganya mteja, kwa sababu gundi haistahimili mtetemo ule.

Injini ndogo zinazopozwa kwa maji yanayochemka kwenye hodhi lililo wazi, kama S195, zina adui mwingine: chokaa. Maji yanaondoka kwa mvuke, unajaza mengine, chokaa inabaki na kuganda kwenye laina. Ganda hilo huzuia joto, na mahali liliponenepa ukuta wa ndani huungua. Fuata mshale wako. Kama baka la pistoni kushika liko nyuma ya ganda nene, umeshapata jibu. Loweka laina kwenye siki mpaka ganda lilainike, usilipasue kwa tindo. Maji ya mvua yaliyokingwa kwa mabati ni bora kuliko ya kisima chenye chokaa.

Mwisho wa uso wa nje ni shingo, chini ya ukingo ule unaokaa kwenye bloku. Nyufa huanzia pale. Loweka shingo kwenye mafuta ya taa kwa muda, ifute ikauke kabisa, kisha paka unga wa chaki. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yatachora mstari kwenye chaki. Ukipata ufa, usiangalie laina peke yake. Angalia kiti chake kwenye bloku, maana shingo haipasuki bila uchafu chini yake, kiti kilicholika upande mmoja, au bolti za hedi zilizokazwa kwa kukisia.

Laina inapokaa kwenye kiti inatakiwa itokeze kidogo juu ya uso wa bloku ili gasketi ibanwe. Kwa NT855 ni kati ya milimita 0.08 na 0.15. Itie laina bila raba zake, ibane chini kwa bolti na vipande vya bomba, upime pande nne kwa geji ya saa, au kwa rula ya chuma iliyonyooka na filageji. Tofauti kati ya pande hizo nne isizidi 0.025. Ikizidi, kiti kichongwe na kuwekewa shimu. Mkerezaji mwenye kifaa chake anaimaliza kazi hii haraka, na kuikwepa ndiko kunakoleta gasketi inayoungua kila baada ya miezi michache.

Kubadilisha moja au zote kunategemea ulichokisoma. Kishikizo cha pini kilichochomoka kimeharibu silinda moja. Badilisha hiyo na pistoni yake, zilizobaki zipime na uziache kama ziko ndani ya mpaka. Vumbi halichagui silinda, hivyo ukikuta moja imelika namna hiyo, hesabu zote. Vishimo vya nje vikionekana kwenye laina moja, nyingine zote zichomolewe zikaguliwe hata kama kwa ndani zinapendeza.

Na laina mpya nazo zipimwe, mara mbili. Kwanza zikiwa mezani, kwa sababu boksi zuri halithibitishi kipenyo. Kisha zikiwa zimekwisha kufungwa kwenye bloku, hasa kimo cha raba za chini. Raba nene kupita kiasi, au iliyojikunja wakati wa kuingiza, huibana laina ikapungua kipenyo pale, na pistoni itashika siku ya kwanza ya mzigo. Laina kavu iliyoshindiliwa kwa presi nayo hubadilika umbo ikishaingia. Somo la kimo hicho likitofautiana na la mezani kupita kiwango cha kitabu, chomoa, futa mifereji, badilisha raba, paka sabuni ya maji au oili kama kitabu kinavyoagiza, uingize tena na upime upya kabla pistoni haijagusa.